Kisahani cha Stoo ya Mashuka

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi Ngazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mhandisi, anatazama vitone vyekundu thelathini na kimoja kwenye kioo cha kompyuta, na wala hakuwa na wasiwasi. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye. Alisimama pale dakika kumi nzima akipiga mzaha.

Ngazi si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kazini, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili watu walikuwa wakimwona kutoka kiunoni kwenda chini tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa darini. Alikuwa fundi wa nyaya. Shule aliiacha mapema, na jambo hilo hakumficha mtu wala hakulionea haya, isipokuwa mbele ya mama mkwe wake.

Kazi ya asubuhi ile ilikuwa moja. Hospitali ilikuwa na visahani themanini na vinne vya waifai, vile vyeupe vya mviringo vinavyokaa darini kama sahani iliyobandikwa kifudifudi. Kisahani peke yake hakina akili. Akili iko kwenye seva kuu, kompyuta moja isiyozimwa, inayokaa kwenye chumba cha chini chenye baridi ya kiyoyozi. Hiyo ndiyo inayokiambia kila kisahani kimpokee nani na kimkatae nani, na ndiyo inayokusanya yote yanayosikiwa huko juu. Seva ya zamani ilikuwa imechoka, mpya ilikuwa imefika, na visahani vyote vilitakiwa kuhama kutoka kwa bosi wa zamani kwenda kwa bosi mpya. Ngazi mwenyewe ndiye aliyeizima ile ya zamani saa tatu kamili, kwa kidole chake.

"Hamsini na vitatu vimeingia," alisema Mhandisi. Alikuwa msichana wa umri wa binti yake wa kwanza, mwenye digrii na mikono isiyotulia. "Hivi vingine vimegoma."

"Havijagoma. Vina haya. Bosi mpya huyo, vinamchungulia kwanza."

"Fundi, mimi nataka vitone vya kijani, sitaki hadithi."

"Kijani kitakuja, binti yangu. Subira huvuta heri."

Hapo simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa nesi mkuu wa wodi ya ghorofa ya pili, jengo la zamani.

"Fundi, mama mkwe wako yuko huko kwako?"

"Kwangu wapi, sista? Mimi niko chumba cha mashine."

"Kitandani hayupo. Chooni hayupo. Varandani hayupo. Kengele ya mlango haikulia."

Ngazi akageuka kutazama kioo. Vitone thelathini na kimoja vyekundu: jengo la zamani, ghorofa ya pili, ya tatu na ya nne.

Wodi ile ilikuwa ya wagonjwa ambao akili zao zinaondoka na kurudi. Tangu miezi minne iliyopita walikuwa wakivalishwa bangili ya plastiki mkononi. Bangili ikikaribia mlango, kisahani cha mlangoni kinaisikia, seva inapata habari, kengele inalia. Bila seva, bangili ni pambo tu.

"Kuna jingine," nesi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimemchoma sindano ya kushusha sukari saa tatu na robo. Chai ilipoletwa kitanda kilikuwa kitupu. Hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni."

"Maana yake nini?"

"Maana yake sukari inashuka sasa hivi tunavyoongea. Ndani ya saa moja ataanza kutetemeka na kutoka jasho. Baada ya hapo analala. Na usingizi ule, fundi, ukimchelewa mtu haamki."

Ngazi akakata simu.

Alikumbuka saa moja asubuhi. Mke wake alikuwa amelala kwenye kiti kando ya kitanda cha mama yake usiku wa tatu mfululizo, shingo imepinda, kanga imemwanguka. Ngazi alimwamsha, akamwambia: "Nenda nyumbani ukaoge, mama watoto. Bangili si ipo? Akitoa mguu nje tu, jengo zima litajua." Alisema hivyo huku akijua kwamba saa tatu atazima seva. Aliona ni jambo la dakika tano. Hakumwambia mke, hakuwaambia manesi.

"Mhandisi," alisema. "Yule mama aliyepotea ni mkwe wangu. Hivi vyekundu lazima viingie. Sasa hivi."

Mhandisi hakuuliza swali. Alijaribu kukiita kimoja, kikanyamaza. Akajaribu kingine, kikanyamaza. Huko juu walinzi na manesi walikuwa wameshaanza kufungua milango. Lakini jengo la zamani lilikuwa na vyumba zaidi ya mia mbili, nusu yake vinapakwa rangi, milango yote wazi ili ikauke, vitu vimerundikwa na kufunikwa nailoni. Mzee mwembamba wa kilo arobaini na tano angeweza kukaa humo siku mbili.

"Kwa nini vya jengo jipya vimekuja na hivi havitaki?" Mhandisi alijiuliza kwa sauti. "Swichi ya mtandao ni ileile. Nyaya ni zilezile."

Ngazi alifumba macho. Alijiona miaka mitatu nyuma, ameketi sakafuni na kompyuta ndogo mapajani, anachomeka kisahani kimoja baada ya kingine. Vile vya jengo jipya vilijitafutia seva vyenyewe. Vya jengo la zamani vilishindwa, kwa hiyo alikaa akaviandikia kwa mkono, kimoja kimoja, namba ya seva.

"Namba," akasema. "Niliviandikia namba ya seva. Seva mpya umeipa namba gani?"

"Mpya. Tofauti."

"Basi ndiyo hiyo. Tangu saa tatu vinampigia simu marehemu."

Mhandisi alishika kichwa. "Itabidi upande kwa kila kimoja, ukakibonyeze kwa pini mpaka kisahau namba ya zamani. Dakika kumi kila kimoja, mara thelathini na moja..." Akaacha kuhesabu. Wote wawili walijua jibu, na mama mkwe hakuwa na saa tano.

Ngazi alitazama simu iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe.

"Simu yako ina laini ngapi?"

"Mbili. Kwa nini?"

"Simu moja, laini mbili. Ukipigiwa hii unapokea, ukipigiwa ile unapokea. Ipe na seva laini mbili. Namba yake, na ya marehemu."

Mhandisi alimtazama kidogo, kisha vidole vyake vikaanza kukimbia. Haikuchukua hata dakika tatu. Kitone cha kwanza kikatoka wekundu kikawa cha rangi ya machungwa. Cha pili. Kisha vyote kwa pamoja, kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

"Vipokee! Vipokee vyote!" Ngazi alipiga kelele.

Mhandisi alibonyeza. Vitone vyote vikazimika.

"Nini hicho?"

"Seva mpya ina programu mpya. Kila kisahani kinachoingia kinaichukua kwanza, kisha kinajizima na kujiwasha." Akasoma kioo. "Dakika kumi na mbili."

"Zuia."

"Ikishaanza haizuiliki, fundi. Nikikata katikati vinakufa kabisa."

Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini.

Dakika kumi na mbili zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Ngazi alitoka mbio, akapanda hadi ghorofa ya pili, akaangalia chini ya vitanda vilivyokwisha kuangaliwa, akafungua kabati la dawa ambamo hata mtoto asingeenea. Akaita: "Mama! Mwalimu!" Sauti ikamrudia kutoka kuta tupu. Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima, mpaka wakwe, walimwita hivyo.

Alipokuwa anashuka ngazi alikutana na mke wake anapanda. Ameoga, nywele bado mbichi, chupa ya chai mkononi. Nesi alikuwa ameshampigia.

"Yuko wapi mama?"

"Tunamtafuta."

"Bangili si ipo? Si ulisema jengo zima litajua?"

"Mama watoto..."

"Nijibu. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema. Seva nilikuwa nimeizima."

Mke wake hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Alimtazama kama mtu anayemtazama mpita njia, akampita, akaendelea kupanda huku chupa ya chai ikigonga ukuta. Chai ile haikuwa na sukari hata kijiko kimoja. Kwa miaka tisa nyumba yao ilikuwa ikimkinga mama na sukari kama inavyokinga moto na petroli.

Saa nne na dakika mbili Mhandisi alipiga simu. "Vimeingia! Vyote! Na bangili imeonekana. Ghorofa ya tatu, Stoo ya Mashuka. Inasikika kwa nguvu, yuko karibu kabisa na kisahani. Kimbia!"

Wakakimbia: Ngazi, mke wake, nesi mkuu na sindano ya glukosi ya kurudisha sukari mfukoni, mlinzi mnene akihema nyuma yao na shada la funguo. Stoo ya Mashuka ilikuwa mwisho wa korido. Mlango ulikuwa umefungwa. Mlinzi alijaribu funguo nne, ya tano ikageuka. Taa ikawashwa.

Mashuka. Marundo ya mashuka kutoka sakafuni hadi kifuani, machafu upande huu, masafi upande ule. Mtu hakuna.

"Mwalimu!" nesi akaita.

Akachungulia nyuma ya marundo.

"Bado iko palepale," Mhandisi alisema kwenye simu. "Haijasogea hata hatua. Mtazameni vizuri, kisahani kiko juu ya vichwa vyenu."

Ngazi aliinua macho. Kisahani kilikuwepo kweli, kimetulia, taa yake ya kijani inawaka vizuri. Na hapo, akiwa ameinua shingo, akaelewa. Alikumbuka siku alipokibandika.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kazi ile. Alikuwa na orodha yenye mistari mingi: kila kisahani na namba yake ya mgongoni, herufi na tarakimu kumi na mbili, na kando yake jina la chumba kinapotakiwa kukaa. Kazi ilikuwa kusoma namba mgongoni, kuitafuta kwenye orodha, kisha kukipeleka kisahani chumbani kwake. Kwenye ghorofa ya pili alifanya hivyo, kwa shida. Alipofika ya tatu macho yalikataa. Herufi zile zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Nane ilikuwa kama B, tano ilikuwa kama S, akizisogeza mbali zinapotea, akizileta karibu zinaungana. Mtu mwingine angesema tu: jamani, macho yangu, nataka miwani. Lakini Ngazi alikuwa mtu aliyeacha shule. Akisema hasomi, wangedhani hajui kusoma.

Kwa hiyo alivitoa kwenye boksi vilivyokuja. Cha kwanza chumba cha kwanza, cha pili chumba cha pili, ghorofa ya tatu mpaka ya nne, visahani ishirini na viwili. Kisha akakaa kwenye ngazi yake na kutia alama ya vema kwenye kila mstari wa orodha. Waifai ikawaka kila mahali, watu wakafurahi, kazi ikaisha siku mbili kabla ya muda wake. Akapewa cheti cha fundi bora.

Cheti chenyewe hakikukaa hata nyumbani kwake. Mama mkwe, yule aliyempa barua aisome kwa sauti siku alipokwenda kuposa, na aliyemsahihisha mara sita mbele ya wajumbe, alikichukua cheti kile, akakitia fremu, akakitundika sebuleni kwake kati ya picha za wanawe wenye digrii. "Huyu mkwe wangu si wa mchezo," alikuwa akiwaambia wageni. "Kazi yake haina kosa hata moja. Mimi nasahihisha watu, yeye simpatii kosa."

Kwa miaka mitatu hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyehitaji kujua kisahani fulani kiko wapi. Leo ndipo ilihitajika. Seva ilikuwa inasema Stoo ya Mashuka kwa sababu orodha ilisema hivyo. Kisahani kilichokuwa kinamsikia mama kilikuwa mahali pengine kabisa.

"Bangili imemvuka mkononi," nesi mkuu aliamua. "Amekonda yule, imemtoka, ikazolewa na mashuka ya asubuhi. Iko humu. Tukiipata hatujapata kitu, lakini tufukue."

Wakaanza kufukua. Mke wake aliweka chupa ya chai chini na kujitupa kwenye rundo la machafu, akivuta shuka baada ya shuka, akikung'uta, akilia bila sauti. Mlinzi akavua koti. Kwenye simu Mhandisi alikuwa bado anasema, "Ramani haikosei, jamani, aliyefunga hivi vitu ni fundi mwenyewe huyo hapo."

Ngazi alishika shuka moja na kulikunjua. Akashika la pili. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa dakika tano. Alijua hakuna bangili mle, na aliendelea kukunjua mashuka. Kila aliposema moyoni, sasa nafungua mdomo, aliiona sebule ile, fremu ile, na mke wake akimtazama kama mpita njia. Akashika shuka la saba. La nane. Saa ya ukutani mle stoo ilikuwa inatembea na sauti.

Kisha mke wake akapata pete ya plastiki kwenye mkunjo wa shuka, akapiga yowe, akainua juu kwa mikono miwili. Ilikuwa pete ya pazia. Aliitazama, akakaa chini juu ya mashuka yale machafu kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mama hayumo humu," Ngazi alisema. "Bangili haimo humu."

"Unajuaje?" nesi akauliza.

"Kwa sababu kisahani hiki sicho. Ghorofa ya tatu na ya nne sikufuata orodha. Nilivibandika vilivyotoka kwenye boksi, nikatia vema kote. Namba zile sikuziona. Macho yangu ni mabovu, nikaona haya kusema. Jina la chumba linaloonekana kwenye seva ni uongo wangu."

Nesi akaachia shuka alilolishika.

"Vyote?" Mhandisi aliuliza kwenye simu.

"Ishirini na viwili."

"Miaka mitatu nimekuwa nikitumia ramani ile."

"Nitukane baadaye, binti yangu. Nitakaa kitini nitukanwe. Sasa hivi kuna kitu kimoja tu. Kile kisahani unachokiita Stoo ya Mashuka, kiambie kipepese taa. Ya buluu, ile ya kumwonyesha fundi. Popote kilipo kitapepesa, na mama yuko chini yake."

Akasikia vidole vikigonga. "Kinapepesa," alisema Mhandisi. "Nendeni."

"Sista, wewe na mlinzi hii ya tatu, kila chumba, tazameni juu tu, msipoteze muda na vya chini. Mimi nakwenda ya nne."

Mke wake alikuwa ameshatoka. Hakumsubiri.

Ghorofa ya nne ilikuwa na harufu ya rangi mbichi. Walikimbia upande kwa upande, yeye milango ya kulia, mke milango ya kushoto, vichwa vyote viwili juu kama watu wanaotafuta dari linalovuja. Kijani. Kijani. Kijani. Ngazi alijikwaa kwenye ndoo, rangi nyeupe ikamwagika mpaka kwenye viatu vyake, hakusimama. Kijani. Chumba kingine dari lilikuwa limefunikwa gazeti, akaruka akalichana kwa mkono. Kijani. Saa nne na dakika ishirini na mbili. Alianza kuwaza kwamba labda na Mhandisi amekosea, labda kipo kingine kilichokufa, labda yuko chini, barabarani, mtoni, labda wanatazama taa wakati mwili...

"Baba watoto!"

Mke wake alikuwa mlangoni mwa chumba cha mwisho. Zamani kilikuwa kliniki ya macho. Ilihamishwa jengo jipya mwezi uliopita. Kwenye dari, juu ya mabenchi yaliyofunikwa nailoni, taa ya buluu ilikuwa inapepesa, inapepesa, inapepesa.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya nailoni. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa akisubiri zamu, kadi yake ya zamani ya kliniki mkononi, kisha ameteleza ubavu mpaka sakafuni. Nguo ilikuwa imelowa jasho chapachapa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Mke wake alimwinua kichwa, akampiga mashavu, akamwita mama, akamwita kwa jina alilomwita alipokuwa mtoto mdogo. Mkono mmoja ulikuwa unapapasa kutafuta chupa ya chai, na chupa ilikuwa imebaki stoo, na hata ingekuwepo haikuwa na sukari.

Ngazi alitoka koridoni akapiga ukelele mmoja ambao hata yeye hakuutambua. Nesi akaja mbio, mlinzi nyuma yake. Alipiga magoti, akafunga mpira mkononi, akatafuta mshipa, akaukosa, akatafuta tena. "Kaa, mwalimu. Kaa na mimi. Usiondoke, mwalimu." Mshipa ukapatikana. Glukosi ikaingia polepole, polepole mno.

"Amechelewa?" mke wake aliuliza.

"Sijui," alisema nesi. "Msiniulize. Sijui."

Walimbeba na benchi lake. Mke alishika mguu wa mbele, na Ngazi alipotaka kushika wa nyuma, akasema bila kugeuka: "Mwache mlinzi ashike."

Akabaki peke yake chini ya ile taa ya buluu. Sakafuni, mahali kichwa cha mama kilipokuwa, palikuwa na miwani. Kioo kimoja kilikuwa na ufa. Aliiokota.

Alishuka hadi chumba cha mashine. Mhandisi hakumtazama.

"Ripoti nitaiandika kama ulivyosema," alisema. "Neno kwa neno. Sitaongeza, sitapunguza."

"Andika."

"Cheti watakichukua. Na kazi pia, pengine."

"Andika, binti yangu. Lakini kabla hawajanifukuza nipe ile orodha. Wodi ile bado ina wazee kumi na mmoja wenye bangili."

Mhandisi alichapa karatasi mbili na kumpa. Ngazi akachukua ngazi yake, akaibeba begani mpaka ghorofa ya tatu. Alianza na Stoo ya Mashuka. Alipanda, akakizungusha kisahani kikatoka, akakigeuza mgongo. Namba zilikuwa ukungu kama zamani. Akatoa miwani ya mama mkwe, akaivaa. Ilikuwa imembana kwenye masikio, na ule ufa ulipita katikati ya jicho la kulia. Lakini nane ikawa nane, na B ikawa B.

Akasoma herufi moja moja kwa sauti, kama siku ile ya barua. Akaitafuta namba kwenye orodha. Ilikuwa ya Kliniki ya Macho. Akafuta vema ya uongo, akaandika ukweli kando yake, akahamia chumba kinachofuata.

Alikuwa amefika kisahani cha tisa, kichwa kimo darini, aliposikia ngazi inatikisika kidogo kisha inatulia. Mtu alikuwa ameishika chini. Alijua ni nani kwa harufu ya sabuni. Hakuthubutu kushuka. Hakuthubutu hata kuuliza. Akakiegemeza kisahani kwenye ukingo wa dari ili kisianguke.



"Amefumbua macho," mke wake alisema. Sauti ilikuwa imekauka, haikuwa ya msamaha na haikuwa ya ugomvi. "Mkono wa upande mmoja bado mzito. Daktari anasema tusubiri mpaka kesho. Amekunywa maji ya sukari, kikombe kizima, akauliza tangu lini nyumba yetu imekuwa na akili ya kumpa sukari."

Ngazi alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine.

"Nimemweleza yote," mke aliendelea. "Ya orodha. Ya cheti. Niliona asikie kwangu kuliko asikie kwa watu."

"Akasemaje?"

"Alifumba macho. Nikadhani amelala tena, nikaogopa. Kisha akapapasa kifuani, akasema, mwambieni huyo mtu anirudishie miwani yangu."

Ngazi aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati isiyoguswa na rangi, akainama kumpa. Mke wake aliitazama, akamtazama na yeye, macho yake mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

"Vimebaki vingapi?" aliuliza.

"Kumi na vitatu."

Hakuipokea. Aliishika ngazi kwa mikono miwili.

"Maliza kwanza," alisema.